Kuteguka Mguu Ukiwa Ulaya na Begi Mgongoni: Mguu, Kitanda na Karatasi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msafiri wa Afrika Mashariki anayezunguka nchi za Ulaya kwa viza ya Schengen, yaani viza moja inayokubaliwa na nchi nyingi za Ulaya, analala katika vyumba vya pamoja vya hosteli na kubeba kila alicho nacho mgongoni. Jeraha linalochukuliwa hapa kama mfano ni kuteguka kifundo cha mguu, kwa kuwa mazingira ya safari za namna hii yanalialika: njia za mawe za Lisbon huteleza, ngazi za hosteli zilizo katika majengo ya kale ni nyembamba, na mzigo wa mgongoni humfanya mtu auangukie mguu kwa uzito ambao kifundo hakijauzoea. Kifundo chenyewe, mara nyingi, hupona. Kinachoharibika haraka zaidi ni mambo yanayokizunguka, yaani kitanda ulichokilipia hadi kesho tu, bima inayotaka kupigiwa simu mapema, na viza yenye tarehe isiyojali kama unaweza kutembea au la. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu karatasi na kitanda.

Saa ya kwanza

Kaa chini mahali salama, vua begi, na uvute pumzi kabla ya kujaribu kusimama. Ukiwa mjini, legeza kamba na uvue kiatu mapema kabla mguu haujavimba. Ukiwa mlimani na bado una mwendo wa kurudi, kiache kiatu kilipo, kwa sababu kiatu kirefu kilichofungwa vizuri hukishika kifundo, na ukikivua huenda mguu uliovimba usiingie tena. Kisha tazama vidole vya mguu: vikiwa vimepauka au vimegeuka rangi, ni vya baridi kuliko vya mguu wa pili, au havihisi unapovigusa, hiyo ni dharura. Ni dharura pia kama mguu umepinda kusiko kwa kawaida, kama mfupa umetokeza au ngozi imepasuka juu ya mahali palipovunjika, au kama uligonga kichwa wakati wa kuanguka. Katika hali hizo piga 112, namba ya dharura inayotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na pia Uswisi, ambayo hailipiwi na haihitaji salio. Usiitegemee simu isiyo na laini, hata hivyo, kwa sababu Ujerumani, kwa mfano, haipokei simu ya 112 kutoka kwenye simu isiyo na laini inayofanya kazi. Mtu ambaye huenda akahitaji upasuaji asile wala kunywa chochote mpaka daktari amwone.

Kwa wanaopanda milima ya Alpi kuna ishara ya kuomba msaada inayofaa kukaririwa kabla ya safari: toa ishara sita kwa dakika moja, kwa tochi, filimbi au sauti, kisha nyamaza dakika moja na uanze tena. Atakayekusikia hujibu kwa ishara tatu kwa dakika. Ndani ya Uswisi, namba 1414 inakuunganisha na Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta. Lakini uhakikishe mapema kwamba bima yako inagharamia uokoaji mlimani, maana hati nyingi za bei nafuu huutaja miongoni mwa mambo zisizoyalipia.

Ikiwa hakuna dalili za dharura, swali linalobaki ni kama mfupa umevunjika au kano tu ndizo zimevutika. Kuna kanuni ambazo madaktari wa nchi nyingi huzitumia, zilizotungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992, na msingi wake unaweza kueleweka na mtu yeyote. Jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya mfupa unaojitokeza upande wa nje wa kifundo, halafu ule wa upande wa ndani. Bonyeza pia mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo, takriban nusu ya njia kutoka kisigino hadi kidole kidogo, na ule ulio upande wa ndani mbele ya kifundo. Ukishindwa kabisa kupiga hatua nne, au ukisikia maumivu makali pale pale kwenye mfupa unapobonyeza, unahitaji picha ya eksirei. Ukiweza kutembea na mifupa hiyo haiumi inapobonyezwa, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana, na unaweza kujitibu kwa siku mbili tatu huku ukijiangalia. Kipimo hiki hakimfai aliyelewa, wala mtu ambaye miguu yake imepungua hisia kwa sababu ya kisukari, kwa kuwa majibu yake hayaaminiki. Hao waende hospitali moja kwa moja.

Siku mbili za mwanzo

Pumzisha mguu, uinue juu ya mito ili kisigino kiwe juu ya usawa wa moyo, ufunge bandeji ya kuvutika isiyobana vidole, na uweke kitu cha baridi kwa dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache. Hosteli chache huwa na barafu ya kutosha, lakini karibu kila duka kubwa la vyakula huuza pakiti za njegere zilizogandishwa, nazo hukaa vizuri kwenye umbo la kifundo kuliko vipande vya barafu. Zizungushie taulo kabla ya kuzigusisha ngozi, andika jina lako juu ya pakiti kabla ya kuirudisha kwenye friza ya jikoni, la sivyo utakuta mgeni mwingine amekwisha kuzipika.

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na ushauri wa kitabibu. Wengi wetu tumekuzwa tukijua kwamba mguu ulioteguka hukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta usiku ule ule, na pengine ukipiga simu nyumbani hilo ndilo jambo la kwanza utakaloagizwa. Mshukuru mama, lakini usifanye hivyo katika siku mbili au tatu za mwanzo: joto na kuchua huongeza damu inayovuja kwenye kano zilizojeruhiwa na kuuzidishia mguu uvimbe. Pombe ina madhara hayo hayo, na zaidi ya hapo humsahaulisha mtu kwamba hapaswi kuukanyagia mguu huo.

Dawa za maumivu zina utaratibu wake. Ujerumani na Ufaransa, parasetamoli na ibuprofeni hupatikana famasia tu, na hutazikuta kwenye rafu za duka la vyakula. Famasia za Ufaransa, Italia na Uhispania zinatambulika kwa msalaba wa kijani, na za Ujerumani kwa herufi kubwa A ya rangi nyekundu. Usiku na Jumapili, tangazo lililobandikwa mlangoni hueleza famasia ipi ya jirani iko zamu. Taja jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara ulilozoea, kwa sababu dawa inayoitwa Panadol kwetu inajulikana Ufaransa kama Doliprane na Italia kama Tachipirina. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba aepuke ibuprofeni mpaka aulize. Vidonge vya diklofenaki ambavyo huku hununuliwa dukani bila swali huenda huko ukaombwa cheti cha daktari, na vikipatikana visichanganywe na ibuprofeni, kwa kuwa ni dawa za kundi moja.

Kama ngozi nayo imechubuka, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga uishe, na umwambie daktari ni lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho.

Bima kwanza, kisha hospitali

Kila mwenye viza ya Schengen alitakiwa kuonyesha bima ya angalau euro 30,000 inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Wasafiri wengi hununua hati hiyo ili kuikamilisha fomu ya ubalozi, kisha wakaisahau kwenye barua pepe. Itoe sasa. Tafuta namba ya simu ya msaada ya saa 24, ambayo aghalabu si ile ya ofisi iliyokuuzia Nairobi au Dar es Salaam, na uipige kabla ya kwenda kutibiwa, isipokuwa kama hali ni ya dharura. Hapo tibiwa kwanza na upige, wewe au mwenzako, mara tu inapowezekana. Uliza niende hospitali gani, mtailipa moja kwa moja au nilipe mimi kisha mnirudishie, na namba ya faili langu ni ipi. Andika majibu pamoja na jina la aliyekujibu na saa mliyozungumza. Kama laini yako haiwezi kupiga simu za kimataifa, waombe watu wa mapokezi ya hosteli. Hilo ni jambo dogo kwao.

Usikimbilie chumba cha dharura cha hospitali kubwa kama mguu si wa dharura. Huko wagonjwa huitwa kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika, na mwenye kifundo kilichovimba anaweza kukaa kwenye kiti kwa saa nyingi huku wenye maradhi ya moyo wakipitishwa mbele yake, tena kwa haki. Ujerumani kuna namba 116117 inayokuelekeza kwa daktari wa zamu kliniki zinapokuwa zimefungwa. Ureno kuna huduma ya simu ya SNS 24, namba 808 24 24 24. Uhispania, kituo cha afya cha mtaa kinatosha kwa hatua ya kwanza. Ukienda, beba pasipoti, hati ya bima, chaja, maji na nguo nzito.

Mweleze daktari dawa unazotumia, mzio, kisukari, selimundu au mimba kama ipo, na jinsi ulivyoanguka bila kupamba. Kama ulikuwa umekunywa, au ulikuwa juu ya skuta ya umeme ya kukodi, usidanganye: maelezo hayo yataandikwa, na kampuni ya bima ikigundua yanatofautiana na ya kwako itakuwa na sababu ya kukataa madai yote, hata yale ambayo ingeyalipa. Soma hati yako uone inasema nini kuhusu pombe na vyombo vya moto.

Jambo linaloonekana dogo, ambalo huwasumbua watu wetu hasa, ni jina. Wengi tuna majina matatu, na karani wa Ulaya akiona matatu huchagua lipi liwe la ukoo kadiri anavyoona, kisha ripoti ikabeba jina moja, risiti ikabeba jingine na pasipoti ikawa na la tatu. Simama hapo hapo dirishani na uombe lirekebishwe lifanane na la pasipoti. Usiondoke bila ripoti yenye jina la jeraha, tarehe, saini na muhuri, ikiwezekana kwa Kiingereza. Risiti ya kila ulicholipa, hata ya bandeji. Cheti cha dawa. Na picha za eksirei kwenye diski au kiungo cha kuzipakua. Zipige picha zote siku hiyo hiyo na uzitume kwa mtu mmoja unayemwamini nyumbani.

Kumbuka pia mipaka ya bima hiyo. Uingereza na Ayalandi haziko ndani ya Schengen, na hati inayotaja Schengen peke yake haikufuati London. Huko Uingereza, matibabu ya ndani ya chumba cha dharura cha hospitali za umma hayatozwi, lakini ukilazwa wodini mgeni hutozwa, na bili hizo si za mchezo.

Magongo na ngazi

Magongo ya Ulaya bara ni yale mafupi yanayoshikwa mkononi na kuzunguka mkono chini ya kiwiko, tofauti na ya kwapani ambayo wengi tumeyazoea. Ufaransa hukodishwa au kuuzwa famasia. Kwingine kuna maduka ya vifaa vya tiba. Mwombe muuzaji ayarekebishe urefu. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia magongo na mguu mbovu. Siku utakapobakiwa na gongo moja, lishike upande wa mguu mzima, ingawa akili itakushawishi kulishika upande unaouma.

Kitanda

Toa taarifa mapokezi usiku ule ule. Msafiri mwenye aibu, anayepanda kimya kitanda cha juu akiwa na kifundo kama boga, anajiumiza bure, kwa sababu wafanyakazi wa hosteli wana uwezo wa kukuhamishia kitanda cha chini, chumba cha ghorofa ya chini au tawi lenye lifti, lakini hawawezi kubashiri. Ongeza siku kabla ya muda wa kutoka haujafika, hasa ikiwa wikiendi inakaribia, maana Ijumaa na Jumamosi vitanda huisha. Uliza pia kama kuna ukomo wa siku za mfululizo, kwa kuwa hosteli nyingine wanao, na kama vyumba hufungwa mchana kwa ajili ya usafi. Ukieleza hali yako, aghalabu utaruhusiwa kubaki umelala wakati wengine wanatolewa.

Maoni yangu ni kwamba usihame mji kwa usiku tatu za mwanzo, hata kama tiketi ya treni ya kesho hairudishiwi fedha. Uvimbe huendelea kuongezeka kwa siku mbili au tatu, kwa hiyo uamuzi unaoufanya siku ya kwanza unaufanya bila kuujua mguu wako. Hasara ya tiketi ni ndogo kuliko ya kuburuta begi kwenye stesheni tatu na kufika mji mgeni usiku, mguu ukiwa umevimba maradufu. Wanaotembea njia ya hija ya Santiago huko Uhispania wana tatizo la ziada, kwa sababu mabweni ya mahujaji kwa kawaida humpokea mtu kwa usiku mmoja na kumtaka aondoke mapema asubuhi. Mgonjwa anaweza kuombewa usiku wa pili, na posta ya Uhispania, Correos, husafirisha mabegi kutoka kituo hadi kituo, jambo linalomwezesha aliyepata nafuu kuendelea bila mzigo.

Chumbani, panga kila kitu kiwe karibu na mkono: maji, dawa, tochi na magongo chini ya kitanda, si katikati ya njia ambapo mwenzako atajikwaa gizani. Omba kabati la kufuli la usawa wa chini, na pasipoti ikae mwilini. Bafuni, kaa kwenye kiti cha plastiki, na kama umefungwa plasta ngumu ya kushikilia mfupa ifunike kwa mfuko na uufunge juu kwa utepe wa kunata. Plasta ya chokaa ikilowa hulainika na kupoteza kazi yake. Msafiri Muislamu anayetawadha hupangusa juu ya plasta kwa mkono wenye maji. Omba msaada wa chakula bila kusitasita: wenzako wa chumba kimoja wanakwenda dukani kwa vyovyote, na ukiwapa fedha mapema hakuna atakayehisi amebebeshwa mzigo.

Siku za viza na safari ya kurudi

Baada ya siku nne au tano utajua ulipo. Ukitembea bila maumivu makali, punguza safari, ukae mji mmoja au miwili yenye usafiri mzuri. Ukiwa umevunjika, rudi nyumbani au nenda kwa ndugu kama unaye Ulaya, kwa sababu chumba cha vitanda kumi si mahali pa kuuguza mfupa kwa wiki sita.

Hesabu siku zako za viza kabla hujabadilisha tiketi. Mfumo wa kuandikisha kuingia na kutoka, EES, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, unahesabu siku kwa kompyuta badala ya mihuri, na siku moja ya ziada inaweza kukufuata kwenye maombi ya viza ijayo. Ikiwa daktari amekuzuia kusafiri mpaka baada ya viza kuisha, sheria ya viza ya Schengen, katika kifungu chake cha 33, inaruhusu viza iongezwe bila malipo kwa mtu aliyezuiwa kuondoka na jambo lililo nje ya uwezo wake au kwa sababu za kibinadamu. Ombi hupelekwa kwa mamlaka ya uhamiaji ya mahali ulipo, mathalani Ausländerbehörde kwa Ujerumani au préfecture kwa Ufaransa, na lazima lifike kabla viza haijaisha, likiwa na barua ya daktari inayotaja tarehe na bima iliyoongezwa kwa siku hizo. Ubalozi wa nchi yako hautalipa bili, lakini unaweza kukusaidia kwa barua, kuwasiliana na familia na kukuelekeza ofisi husika.

Kwa upande wa ndege, plasta mpya ina kanuni zake: mashirika mengi hutaka plasta iliyofungwa chini ya saa 48 zilizopita ipasuliwe kwa urefu kabla ya safari ndefu, kwa sababu mguu huvimba angani. Muulize daktari pia kuhusu damu kuganda, kwa kuwa mguu usiotikisika pamoja na saa nane za kukaa hadi Nairobi ni mchanganyiko wenye hatari. Huenda akakupa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, za kujidunga tumboni, ambazo zinahitaji barua ya kuonyesha uwanjani na chombo kigumu cha kutupia sindano zilizotumika, kamwe zisiachwe kwenye pipa la chumba. Kigimbi kikiuma na kuvimba upande mmoja, au pumzi ikikatika ghafla, usipande ndege, tafuta hospitali. Msaada wa kiti cha magurudumu kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya ni haki isiyolipiwa kwa kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, mradi uliarifu shirika la ndege saa 48 kabla.

Ukifika nyumbani, peleka ripoti na picha za eksirei kwa daktari wa mifupa, iwe MOI, taasisi ya mifupa iliyo Muhimbili, Dar es Salaam, au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, na umwonyeshe tarehe ambayo plasta ilipangwa kutolewa. Aliyeteguka tu hutembea vizuri zaidi baada ya wiki mbili hivi, lakini mpira na mbio vingoje hadi wiki ya nane, huku akifanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja ili kifundo kirudishe uthabiti wake. Madai ya bima yawasilishwe katika wiki hiyo hiyo ya kurudi, yakiwa na nakala za kila karatasi na namba ya faili uliyopewa kwenye simu ya kwanza, na karatasi halisi zibaki kwako mpaka fedha ziingie kwenye akaunti.